Pua ya Dada

Jirani yetu wa chumba cha pili, yule mama wa cherehani, anasema dada yangu kafukuzwa kazi kwa ulevi. Anasema alikunywa chupa ya mgeni mchana kweupe, akamchafulia mzee wa watu shati, walinzi wakamtoa mkukumkuku. Anasimulia huku akitia uzi kwenye sindano, utadhani alikuwepo. Aliyekuwepo ni mimi, kwenye dirisha la kupitishia vyombo.

Dada hanywi. Kazi yake pale hotelini ilikuwa kufungua chupa, kumimina kidogo kwenye glasi yake, kunusa, kuonja na kutema, ndipo ampelekee mgeni. Yeye ndiye aliyejua mvinyo upi unakwenda na chakula kipi: Sovinyo nyeupe na samaki wa limau, Kabernet ya Bordeaux na nyama yenye mafuta, Rizling yenye utamu kidogo na kitu cha pilipili. Mimi niliishia la saba, naosha glasi. Alinifundisha kwa masalio.

"Mdogo wangu, hii inanukaje?"

"Majani yaliyofyekwa. Na mkojo wa paka."

"Sovinyo hiyo. Ila mgeni usimtajie paka."

Mama alipofariki, nguo zake zililetwa kwetu kwenye boksi, likanyeshewa njiani. Tuliliweka uvunguni hivyohivyo. Siku ya nne tulirudi kazini. Watu walitupa pole, tukasema tumeshapoa, na kweli mimi sikuwa nasikia chochote, si uchungu wala njaa. Dada akashikwa na mafua. Mafua yakaisha, pua haikurudi. Sabuni, vitunguu, mvinyo, kwake vyote vikawa maji.

Angesema, angeondolewa. Kwa hiyo akawa ananipitishia glasi yake dirishani, nami nainusa. Mvinyo ukiwa mzima, naacha glasi wima. Ukiwa umeharibiwa na kizibo kibovu, naumwaga, naifudikiza glasi. Mpishi mkuu alikuwa akitutania, "Nyie ndugu mnapeana glasi kama mnapeana umbea." Tulikwenda hivyo miezi miwili bila kukosea.

Siku ile meza ya nne walikaa wageni wa mwenye hoteli. Waliagiza bata wa kuoka, dada akawachagulia Pino ya Burgundy, nyekundu nyepesi, maana bata ana mafuta ila nyama yake hainyamazishi mvinyo. Glasi ikaja dirishani. Nikanusa.

Boksi lililolowa.

Hivyo ndivyo unavyonuka mvinyo ulioharibiwa na kizibo, nilijua vizuri. Ila ilikuwa harufu ya uvunguni kwetu, ya nguo za mama. Nikanusa tena. Nikanusa mara ya tatu. Kifua kilitaka kufanya kitu, hakikufanya. Glasi ilikuwa bado mkononi mwangu, wima. Dada akachungulia, akaiona wima, akaenda kumimina.

Mgeni alitema kwenye kitambaa. Meneja akaja, akamsogezea dada glasi puani mbele ya meza nzima.

"Nusa. Unasikia nini?"

"Cheri," dada alisema. "Na uyoga kwa mbali." Hivyo ndivyo Pino ilivyopaswa kunuka.

Meneja akageuka, akaniona. Akaileta glasi dirishani. "Na wewe?"

Nilimwangalia dada. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Boksi lililolowa," nikasema.

Jioni hiyohiyo dada alirudisha funguo za stoo ya mvinyo. Mimi nikaambiwa Jumatatu nisiende kwenye vyombo, nishike nafasi yake.

Jumapili alinipigia pasi aproni yake. "Shiraz na kondoo, usisahau."

"Sawa, dada."

"Na paka usimtaje."

Hatukucheka. Nilimwambia, "Dada, siku ile mimi ndiye niliye..."

"Najua. Geuka nikufunge, nione kama inakutosha."

Ilinitosha. Akaiweka pasi kando, akainama, akavuta lile boksi kutoka uvunguni. Chini lilikuwa limeota ukungu. Akatoa blauzi ya mama, ile ya vifungo vyeupe, akaikung'uta, akaiweka usoni mwake muda mrefu. Kisha akanipa.

"Mdogo wangu, ninusie. Niambie kama bado yumo."

Niliipokea kwa mikono miwili, nikaiweka puani. Dada alisimama mbele yangu, anasubiri.