Mkanda Uelekee Ukutani

Mwaka ule mradi wa mafunzo ya simu ulipofika Katesh, Kornelia Sulle alikuwa na miaka saba kwenye mashine ya kukamua alizeti ya Mzee Abdulswamad, na alikuwa ameshaona vidole viwili vya mwenzake Bura vikibaki kwenye mkanda. Ndiyo maana wenzake walipoyaona mafunzo yale kama usumbufu wa kuwanyima chai, yeye alikaa juu ya debe na simu yake na kusikiliza. Masomo yalikuwa kumi na moja. Kila somo lilikuwa na video fupi, sauti ya dada mmoja aliyeongea taratibu kama anasoma matangazo ya vifo, na maswali matano mwishoni. Somo la nne, la mikanda na puli, alilirudia mara tatu ingawa alilifaulu mara ya kwanza. Alimaliza na alama tisini na nne kwa mia. Cheti kikaja kwenye simu, akakichapisha stesheneri, akakibandika ukutani juu ya swichi.

Somo la nne lilisema mkanda usio na kinga ufunikwe. Kama kinga haijapatikana, uchorwe mstari wa njano hatua tatu kutoka kwenye mashine, na asiuvuke mtu yeyote isipokuwa mwendeshaji. Kinga ya bati ya mashine ile ilitolewa siku nyingi, mota ilipobadilishwa ikawa haienei tena. Mzee Abdulswamad alikuwa ameahidi fundi. Fundi huyo alikuwa “anakuja” tangu kabla Bura hajaumia.

Basi Kornelia alinunua kopo la rangi, na Jumamosi jioni akapiga magoti kwenye sakafu yenye mafuta, akaisugua kwa majivu, akachora mstari.

Jumatatu msimu ulikuwa umepamba moto. Mteja wa kwanza alikuwa Mama Helena, mkulima wa Basotu, mama wa makamo aliyekuja na magunia sita juu ya Fuso na kukamua pale kila mwaka. Alishuka, akaingia moja kwa moja hadi kwenye mashine kama alivyozoea.

“Shikamoo mama,” alisema Kornelia. “Naomba usimame huku, nyuma ya mstari.”

“Marahaba. Nyuma ya mstari kuna nini?”

“Ni usalama, mama. Huo mkanda ni hatari.”

“Mkanda nauona kila mwaka.” Mama Helena aliangalia mstari, kisha akaangalia ndoo iliyokuwa chini ya mdomo wa mashine, upande wa pili kabisa. “Mwanangu, hii alizeti nimeipalilia mimi. Nikisimama huko nitajuaje mafuta yanayotoka ni ya kwangu?”

Kornelia alijua swali hilo linatoka wapi. Hakuna mkulima wa alizeti asiye na habari ya jirani aliyepeleka magunia mazuri akarudishiwa mafuta ya mwingine. Ndiyo maana wateja walisimama mashineni, bega kwa bega na mkanda, wakitazama mbegu zikiingia na mafuta yakitoka. Kwao huduma nzuri ilikuwa hiyo hasa: kuachwa uone.

“Hapa hatuibi, mama.”

“Kama hamuibi, mnaficha nini?”

Magunia sita yakavushwa barabara hadi kwenye mashine ya Mzee Selemani. Huko hakukuwa na mstari. Wateja walikaa juu ya magunia yao karibu na mkanda, wakanywa soda. Wafanyakazi wa Selemani nao walikuwa na vyeti. Maswali yote aliwajibia binti yake, Raudha, siku moja kwa simu moja baada ya nyingine, na kila mmoja akapata mia kwa mia.

Kwa wiki tatu wateja walivuka barabara. Mzee Abdulswamad alikuwa mtu mpole, aliyetoka Kondoa akiwa kijana na kununua mashine ile biashara zilipofunguliwa kwa watu binafsi, kabla hata Manyara haijawa mkoa. Alikaa kwenye kiti chake mlangoni, akahesabu magari yanayopita bila kusimama.

“Kornelia,” alisema siku moja, “nani alikwambia uchore hiyo kitu?”

“Mafunzo, mzee. Wewe mwenyewe ulisaini tuyafuate.”

“Nilisaini mjifunze. Sikusaini mfukuze watu.”

Katika hali hiyo ndipo alipokuja Onesphory. Alikuwa kijana wa chuo fulani cha Arusha, mwenye kishikwambi shingoni, na alitumwa kupima kama mafunzo ya mtandaoni yamebadilisha usalama kazini na ubora wa huduma. Kornelia alifurahi kumwona. Alimvutia kiti, akamwonyesha mstari, akamweleza habari ya Bura. Alidhani sasa amepatikana mtu wa kuelewa.

“Huu ni utafiti tumizi, dada,” alisema Onesphory. “Matokeo yake hayakai kabatini. Yanarudi kwenu.”

Kisha akasimama nje na kuwauliza wateja wachache waliobaki jinsi walivyohudumiwa, kuanzia moja hadi tano. Kornelia alikuwa anasikia. “Mbili,” alisema mmoja. “Moja,” alisema mwingine, “wanatusimamisha mbali kama wezi.” Onesphory alikuwa anabonyeza tu.

“Waulize kwa nini,” Kornelia alimwambia.

“Fomu haina kipengele cha sababu.”

“Sasa utajuaje?”

“Kuna sehemu ya maoni mengine.” Alimwonyesha. “Lakini inachukua herufi mia moja na hamsini tu.”

Kornelia alijaribu. Alisema sentensi, Onesphory akaandika, kishikwambi kikakata katikati. Akasema fupi zaidi, kikakata tena. Mwisho pakabaki: *Wateja wanataka kuona mafuta yao yakitoka, mstari unawaweka mbali na ndoo, si kwamba huduma ni mbaya ila mashine haina kinga na fundi aliyeahidiwa haj*. Kornelia akasema basi, acha hivyo hivyo.

Mwishoni mwa Agosti waliitwa kwenye ukumbi wa kata kusikia matokeo ya awali. Mashine zilikuwa tisa. Ukutani pakaonyeshwa jedwali, na ya Mzee Abdulswamad ilikuwa ya mwisho kwa huduma, mbili nukta moja. Ya Mzee Selemani ilikuwa ya kwanza, nne nukta nane. Kwa usalama zote zililingana, kwa kuwa katika miezi ile mitatu hakuna aliyeandika ajali. Mwalimu wa Onesphory, aliyekuja na gari la chuo, akasema inaonekana kujifunza kwa bidii sana hakuongezi usalama na kunaweza hata kupunguza ubora wa huduma, jambo ambalo alisema linavutia.

Kornelia alinyoosha mkono. “Haliwezi kuvutia, mwalimu. Ni uongo.”

Mwalimu akatabasamu, akasema takwimu hazina hasira. Mzee Abdulswamad alimvuta Kornelia sketi akae.

Kesho yake asubuhi alikuta mzee ametandika maturubai juu ya mstari.

“Mzee, Bura je?”

“Bura nilimtibu,” alisema, bila kumwangalia. “Na nyie wengine mtakula nini wateja wakiisha?”

Kornelia aliwasha mashine.

Siku tisa baadaye, saa nne asubuhi, mkanda wa Mzee Selemani ulimkamata Gidabuday, kijana aliyekuwa akipakia mbegu. Alikuwa anampisha mteja aliyesogea kutazama ndoo yake, akarudi kinyumenyume, mkono wa shati ukanaswa. Walipozima mashine, ngozi ya mkono wake wa kulia ilikuwa imevuliwa kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko. Kornelia alivuka barabara kwa kukimbia. Yeye ndiye aliyemfunga kwa kanga safi, ya mteja, akamshikilia hadi gari la kumpeleka hospitali lilipopatikana. Kijana hakulia. Aliuliza mara tatu kama shati limechanika.

Alasiri, mikono yake ikiwa bado inanuka damu na alizeti, Kornelia alimpigia simu Onesphory.

“Andika,” alimwambia. “Kwa Selemani kuna ajali.”

“Pole sana, dada. Kweli pole. Lakini muda wa kukusanya data wa awamu hii ulikwisha tarehe thelathini Agosti.”

“Mkono wa mtu umekwenda.”

“Nakuelewa. Nikiiongeza sasa, mwalimu atauliza kwa nini hii tu. Itaingia awamu ya pili, kama wataripoti wenyewe.”

“Wataripoti? Watu wenye nne nukta nane?”

Kornelia alikata simu, akaiweka juu ya rundo la mashudu, makapi ya alizeti, akakaa chini, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, ya hasira zaidi kuliko huzuni.

Wiki iliyofuata Mama Helena alirudi na magunia manne yaliyobaki. Hakwenda ng’ambo. Alikuwa pale siku ya Gidabuday. Kanga iliyotumika ilikuwa ya kwake. Kornelia akakunja maturubai, mstari ukaonekana, akamwomba asimame nyuma yake. Mama akatikisa kichwa.

“Hapana, mwanangu.”

“Mama! Si uliona kwa macho yako?”

“Niliona. Usiku sijalala vizuri tangu siku hiyo. Lakini mafuta yangu bado nataka kuyaona.”

Kornelia alirusha kitambaa cha kufutia chini. Alikuwa amechoka na wakulima, na mzee, na Onesphory, na yule dada wa kwenye video. “Basi niambie, unataka kuona nini hasa? Mashine? Mota? Mkanda unakusaidia nini?”

“Mkanda wa nini mimi?” Mama Helena alishangaa. “Nataka kuona alizeti yangu ikiingia pale juu, na mafuta yakitoka pale chini. Mahali pawili tu. Huo mkanda ungekuwa nyuma ya ukuta nisingeuuliza.”

Kornelia alisimama akiitazama mashine. Kwa miaka yote saba aliyofanya kazi pale ilikuwa imekaa vilevile, mkanda ukielekea mlangoni, ndoo ikielekea ukutani, kwa kuwa siku ilipoletwa waya wa umeme uliishia upande ule. Maswali hamsini na matano ya mafunzo, maswali arobaini ya utafiti, na hakuna aliyemuuliza mteja anatazama nini. Hata yeye hakuuliza. Hilo lilimuuma.

Jioni alikwenda kwa Akonaay, fundi wa kuchomelea wa pale stendi, wakaja kupima. Akonaay alisema inawezekana: mashine igeuzwe, mkanda uelekee ukutani, wavu wa chuma upande wa kupitia mwendeshaji, waya urefushwe. Siku mbili.

“Siku mbili katikati ya msimu?” alisema Mzee Abdulswamad. “Haiwezekani.”

Kornelia alichomoa ufunguo wa chumba cha swichi mfukoni, akauweka kwenye meza yake kwa mikono miwili, kwa heshima.

“Basi mzee wangu, tafuta mwingine wa kuiwasha. Mimi sitaki kumfunga mtu kanga tena.”

Mzee aliutazama ule ufunguo. Kisha alitazama ng’ambo ya barabara, ambako mashine ya Selemani ilikuwa inanguruma na mteja amekaa kwenye gunia pale pale.

“Ijumaa,” alisema. “Ijumaa na Jumamosi. Jumatatu nataka mafuta.”

Watu wanane waliisukuma kwa nondo na magogo. Kinu kilipowaka Jumatatu, mdomo wa mafuta ulikuwa unamtazama mtu anayeingia mlangoni, na mbegu zilionekana zikishuka. Mama Helena aliweka kiti hatua moja kutoka kwenye ndoo yake, akakaa hadi tone la mwisho. Kufikia Oktoba foleni ilifika barabarani. Mstari wa njano Kornelia aliufuta mwenyewe kwa petroli, maana sasa ulikuwa unapita katikati ya mahali pasipo na hatari yoyote.

Novemba Onesphory alirudi kwa awamu ya pili. Wateja walimpa tano na nne. Aliandika akitabasamu. Kisha akafungua ukurasa wa usalama.

“Mstari wa njano upo?”

“Haupo. Hauhitajiki. Njoo uone.”

Alikuja akaona. Alizunguka mashine yote, akautikisa wavu kwa mkono. Kijana hakuwa mjinga.

“Dada, hii ni nzuri kuliko mstari,” alisema polepole. “Lakini swali ni ndiyo au hapana. Nikijaza hapana, inahesabika mmeacha mafunzo. Mtapata sifuri hapo.”

“Na kwa Selemani?”

“Wamechora juzi. Nimeuona.”

“Na Gidabuday?”

“Hawajaripoti.”

Kornelia alicheka, kicheko kibaya. Hakuwa na nguvu ya kupigana na herufi mia moja na hamsini mara ya pili. “Jaza unachojaza,” alisema. Onesphory alijaza. Halafu, bila kuambiwa, alitoa daftari la karatasi kwenye begi, akachora mashine ilivyokaa zamani na ilivyokaa sasa, akaandika maelezo kurasa mbili. Kornelia alimuuliza kama mwalimu ataisoma. Alisema hajui.

Alipoondoka, Raudha binti Selemani alikuwa amesimama mlangoni, kajifunika mtandio, kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa kuingia.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba.”

“Naomba namba ya yule fundi aliyewageuzia mashine.”

“Baba yako amekutuma?”

“Baba hataki. Anasema sisi ni wa kwanza wilayani, tugeuze nini.” Aliangalia chini. “Lakini mimi ndiye niliyemjibia Gidabuday maswali yake. Somo la nne nililijibu hata video sijaifungua.”

Kornelia alimtazama. Maneno makali yalimjaa kinywani, yote ya kweli: kwamba angekuja Julai, kabla ya ajali, kwamba mkono wa mtu haurudi. Akayasema, yote, kwa sauti ambayo wateja waliisikia. Raudha alisimama akayapokea.

Alipomaliza, Kornelia alifuta mikono, akachukua kalamu, akaandika namba ya Akonaay nyuma ya karatasi ya mizani.

“Mwambie akupimie bure kwanza,” alisema. “Halafu baba yako nitakuja kuongea naye mimi. Kesho asubuhi, kabla hajawasha.”