Kitanda cha Mama Mkwe

Palikuwa na seremala mwenye ulimi mkali kwa watu wote isipokuwa mmoja. Mteja aliyechelewa kuchukua meza yake aliusikia, muuza mbao aliyemletea ubao uliopinda aliusikia, hata paka aliyelala kwenye maranda aliusikia. Lakini mbele ya mama mkwe wake alikuwa bubu. "Ndiyo, mama." "Sawa, mama." Basi. Ndivyo alivyofunzwa, kwamba mkwe hajibiwi.

Mama mkwe alikuwa amefiwa na mumewe, na binti yake alimsihi aje wakae pamoja moja kwa moja. Akaja na begi moja tu. "Nimekuja kuwaona," alisema. "Habari ya kukaa, tutaona." Mke wa seremala hakupata usingizi mzuri kwa ajili ya begi lile, maana begi moja hufungwa upesi. Ndipo seremala akaahidi kumtengenezea mama kitanda chake mwenyewe. Mama akataka cheupe, kisipakwe rangi, kipigwe vanishi tu ili mbao ionekane.

Seremala akanunua mbao za msonobari zilizotoka kupasuliwa, nyeupe pe. Kwa kawaida mbao mbichi za namna hiyo huzichovya kwenye dawa siku hiyo hiyo, kwa sababu kuvu hupenda maji na utamu uliomo ndani yake. Safari hii hakuchovya. Hakutaka mkwe wake alale akinusa dawa. Akazipanga nyuma ya karakana chini ya bati, kila safu akiitenganisha na nyingine kwa vijiti ili upepo upite, akasafiri kwenda kufunga milango ya jengo fulani mji wa pili.

Aliporudi, alikuta mbao zimefunikwa nailoni na kukandamizwa kwa matofali pande zote. Akaifunua. Joto na harufu ya uvundo vikampiga usoni. Mbao zilikuwa zimelazwa zikabanana, bila kijiti hata kimoja, na weupe wote umeingiwa na michirizi ya buluu, kama shati lililovujiwa na kalamu. Akageuka huku na huko akitafuta mtu wa kumfokea.

Mkewe akamvuta kando. "Ni mama," alisema.

Mama alikuwa mtu wa usafi. Majirani walishaanza kumwita Mama Fagio. Aliziona mbao zimeachana ovyo, mawingu yametanda, akaona aibu kwa niaba ya mkwe wake. Akazipanga upya peke yake, vijiti akavitia kwenye moto wa chai. "Mgongo ulimuuma usiku mzima," mkewe akaeleza, "lakini ungemwona alivyofurahi. Ndiyo mara ya kwanza kufanya kazi humu kama mtu wa nyumbani. Na mimi nikamshukuru, mjinga mie."

Seremala akachukua ndoo na brashi.

Akasugua mbao kwa klorini. Ukungu wa juu ukatoka, buluu ikabaki. Akapiga randa, na kila alipotoa tabaka, buluu ilikuwepo chini yake.

"Mwambie," mkewe akasema.

"Nimwambie mama mkwe amekosea? Mimi?"

"Basi nitamwambia mwenyewe."

"Ukimwambia ataondoka kesho. Nyamaza."

Mbao zenyewe zilikuwa bado imara, kwani kuvu ya aina hii huchafua mti bila kuula. Akazipangia vijiti vipya hadi zikakauka, akatengeneza kitanda. Kilikuwa hakitikisiki, na buluu imetapakaa kila upande.

Mama mkwe akakizunguka, akipitisha kidole kwenye madoa.

"Mkwe, hukuona kwamba mbao hizi ni mbovu?"

"Nilikosea kuchagua, mama."

"Nami nilidhani nimemwoza binti yangu kwa fundi."

"Ndiyo, mama."

Hapo mkewe akashindwa. "Mama, mbao zilikuwa nyeupe! Ni wewe uliyezibana na kuzifunika zikiwa mbichi. Amekuficha tu."

Mama mkwe akamgeukia seremala. Alikuwa ameumia, na hakujaribu kulificha hilo. "Kumbe unaniamkia kila asubuhi, unanikaribisha mezani, na moyoni umenikasirikia?"

"Sijakasirika, mama."

"Usinidanganye. Marehemu alikuwa akinifokea nikikosea, nami namfokea, tunaendelea kula. Wewe unanifanya mgeni. Nitaishije na mtu ambaye kila kitu ni ndiyo, mama? Haya, niambie. Nilikosea nini?"

Seremala akaisemesha sakafu. "Mbao mbichi inataka hewa, mama. Ukiibana na maji yake, kuvu inaota."

"Ehe."

"Na vile vijiti havikuwa takataka. Nilivikata kimoja kimoja vilingane."

"Ehe."

"Halafu ukavichomea chai!" Sauti ilikuwa imepanda bila ruhusa yake. "Na nailoni juu, na matofali, kama mtu anayevundika ndizi! Mbao nzuri vile! Usiguse tena vitu vyangu bila kuniuliza!"

Mkewe akaziba mdomo kwa mikono miwili. Seremala mwenyewe akatamani ardhi impasukie.

Mama mkwe akakaa ukingoni mwa kitanda. Akajirusharusha kidogo kukijaribu.

"Sigusi," alisema. "Nileteeni godoro."