Kelele za Saa Nane Usiku

Mdogo wangu alianguka huku namwangalia kwenye simu. Kwetu ilikuwa saa nne asubuhi, tumeshakaa kwenye cherehani. Kwake saa nane usiku, ndiyo kwanza ametoka zamu ya kufagia maofisi. "Dada, naona kizunguzungu," alisema, kisha simu ikaanguka na kunionyesha dari tupu.

"We! Acha mchezo!" nikafoka.

Halafu nikamsikia akikoroma vibaya. Ana kisukari huyu. Amejidunga sindano na hajala, sukari imemshuka mwilini, namjua, mkaidi kama nini!

Angekuwa huku ningepiga ukelele mmoja tu. Huku ukipiga chafya, jirani anakuuliza dirishani umeugua lini. Kule mdogo wangu hajawahi kuombwa hata chumvi. Ni watu wema, yeye husema, ila kila mtu na mlango wake. Namba ya polisi wa kule ningeitoa wapi?

"Piga kelele," akasema Mama Vifungo, mwenzangu wa meza ya pili.

"Nimpigie nani, wee? Watu wamelala!"

"Si ndio hao tunaowataka!"

Nikamwelewa. Mdogo wangu simu yake huiunganisha na spika kubwa, ati asikie cherehani zetu ajione yuko nyumbani. Na kuna mtu chumba cha pili, tunamwita Bwana Kimya, kijiko kikianguka tu anagonga ukuta. Hawajawahi kuonana.

Basi tukakanyaga cherehani zote, tukagonga pasi mezani, tukapiga vigelegele vya uongo huku machozi yanatutoka. Ukuta ukagongwa. Tukazidisha. Nikawanyamazisha kidogo nisikilize: ule mkoromo ulikuwa umefifia. Mungu wangu, anakufa, anakufa peke yake!

"Ongezeni!"

Sasa ukagongwa mlango. Sauti ya mzee, bila shaka Bwana Kimya, hasira tupu, lugha tusiyoijua. Akagonga, akafoka, kisha nyayo zikaondoka. Niliona giza. Nikaendelea kupiga kelele kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Akarudi na msimamizi wa jengo mwenye funguo za akiba. Waliingia wakigomba, kisha ugomvi ukakatika ghafla. Uso wa mzee ukajaa kwenye simu, nywele timutimu, macho yamemtoka. Nikanyakua kopo letu la sukari ya chai, nikachota kwa kidole, nikajipaka kwenye fizi, nikamwonyesha chini. Chini, baba, huyo hapo chini! Akaelewa. Akakimbilia jikoni.

Tukaacha cherehani. Msimamizi alisikika akiita watu kwa simu yake. Mimi sikuweza kutazama. Nilimpa Mama Vifungo simu, nikaficha uso kwenye gauni la mteja.

"Bado," alisema. Kisha tena, "Bado."

Nilianza kufikiria nitamwambiaje mama.

"Anaramba midomo," akasema Mama Vifungo. "Njoo! Amefumbua macho!"

Nikaipora simu. Mdogo wangu alikuwa amelazwa mapajani pa mzee, sukari imemtapakaa kidevuni, naye mzee anampangusa kwa mkono wa nguo yake ya kulalia.

"Dada," akasema kwa shida, "huyu mzee ni nani?"

"Jirani yako," nikamwambia. "Huyo ni jirani yako, mama."