Taa ya Namba Saa Tano Asubuhi

Siku aliyosimamishwa na polisi wa trafiki pale Witeithie, Hayat alikuwa amebeba vifaranga mia nane wa siku moja kwenye gari lake, Probox. Alikuwa amewachukua Thika, na wafugaji wa Mwihoko walikuwa wakimngoja. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma.

Koplo Kiama alilizunguka gari mara tatu. Alipiga tairi kwa ncha ya kiatu, akataka kuona pembetatu ya tahadhari, akataka kuona kizimamoto, akamwambia awashe waipa ingawa angani hapakuwa na hata wingu moja. Kila kitu kilikuwa sawa, na Hayat aliona jinsi jambo hilo lilivyomkera koplo. Mwishowe akachuchumaa nyuma ya gari kwa shida, tumbo likimzuia, akainuka akitabasamu kama mtu aliyeokota mali. Taa ndogo ya kumulika namba ya gari ilikuwa imeungua.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Namba ilisomeka hata ukiwa ng'ambo ya barabara.

Kiama akaitia leseni ya Hayat mfukoni, akaanza kusimulia jinsi korti inavyompotezea mtu siku nzima. Miaka sita barabarani ilikuwa imemfundisha Hayat hotuba hiyo yote, pamoja na mahali pa kuikatiza kwa noti iliyokunjwa. Alikuwa ameikatiza hivyo mara nyingi, na kila mara alifika nyumbani akijidharau. Leo dharau yote ilimwendea huyu aliye mbele yake: mtu mzima, amevaa sare ya serikali, anaomba kwa macho.

"Niandikie makosa, afande," alisema. "Nitaenda kortini."

Kiama akasema hakuna haja ya kufika huko, waongee tu. Hayat akasema ameshaongea. Basi koplo akaenda kusimama chini ya mti, leseni mfukoni, akimwacha aive juani.

Vifaranga walianza kuhema midomo wazi. Hayat alishusha maboksi moja moja, akayapanga chini ya mti uleule, miguuni pa Kiama, akimpita kila mara bila kumwomba nafasi. Watu wa maduka wakaja kutazama. Walipouliza kwa nini vifaranga wako pale, aliwajibu kwa sauti ya kawaida kwamba ni taa ya namba. Wakatazama jua, kisha wakamtazama koplo. Magari yakapita, na Kiama hakuthubutu kusimamisha hata moja mbele ya macho yote hayo.

Baada ya saa nzima akamrudishia leseni, akamwambia aende.

"Andika kwanza."

"Mama, nimekusamehe."

"Sijaomba msamaha. Andika."

Akaandika. Vifaranga thelathini na mmoja walikufa kabla ya Ruiru.

Alhamisi Hayat alifika mahakamani Thika, akakiri kosa, kwa kuwa taa iliungua kweli. Hakimu alisoma karatasi, akauliza ilikuwa saa ngapi, akaambiwa. Alivua miwani akamtazama Kiama kwa muda mrefu, kisha akamwonya Hayat na kumwachilia.

Nje, koplo alikuwa akimngoja kwenye ngazi. Hakuonyesha aibu wala hasira. Alimwambia kwamba yeye pia anafuga kuku nyumbani, na kama angempunguzia bei kidogo, barabarani hawangesumbuana tena.

Hayat aliinua pindo la buibui lake kama mtu anayevuka dimbwi, akampita.