Harusi Iliyosubiri Msumeno

Asubuhi ya harusi ya binti yake, Sanggau aliamshwa na mkewe kwa kuvutwa kidole gumba cha mguu.

“Baba Suli, amka. Mti umelala mtoni.”

“Uache ulale,” akasema Sanggau, akajigeuzia ukutani.

“Umelala chini kidogo ya gati letu, toka ukingo hadi ukingo. Wakwe zako watapita wapi? Watapaa?”

Hapo Sanggau akakurupuka. Alishuka mbiombio ngazi za nyumba ndefu, ile ya familia nyingi chini ya paa moja, akasimama kwenye tope akiwa na sarongi moja tu kiunoni, akajionea mwenyewe. Dhoruba ya alfajiri ilikuwa imeung’oa mti mkubwa ng’ambo ya mto, ukaanguka na kuufunga mto mzima kama komeo la mlango. Mitumbwi ya wakwe ingekuja kutoka chini, ingefika hapo na kukwama, na gati liko juu yake hatua thelathini tu.

Alirudi chumbani kuchukua msumeno wake wa mnyororo. Lamit, mkewe, alimtazama akiutoa ndani ya blanketi.

“Huo huo?”

“Una neno gani nao?”

“Sina neno. Ila huo msumeno una umri wa Suli, na Suli leo anaolewa.”

Nyumba nzima ilikuwa na misumeno miwili tu ya injini, na ule wa mwenyekiti wa nyumba haukuwa na mnyororo tangu mwezi uliopita. Vijana walikuwa na mashoka, lakini kwa gogo lile mashoka yangewafikisha kesho kutwa. Kwa hiyo ulibaki huo wa Sanggau. Na ukweli usemwe, msumeno ulianza kazi vizuri. Ulinguruma, ukatoa moshi, ukautafuna mti upande wa ng’ambo, karibu na mizizi, hadi ukakatika kabisa na kuegemea jiwe. Kisha Sanggau akaja upande wa gati, akakata mpaka theluthi mbili ya unene. Mafuta yakaisha. Akajaza, akashika kamba ya kuwashia, akavuta.

Kamba ikatoka. Haikurudi. Ikabaki inaning’inia nje kama ulimi wa mbwa mwenye joto.

Akaisukuma ndani kwa kidole, ikatoka tena. Na wakati huohuo, kutoka kwenye kona ya mto, zikasikika gongo za wakwe, zile sahani kubwa za shaba, zikipigwa.

Mitumbwi ilikuwa sita, imejaa watu waliovaa vizuri, wanaume wamevaa kofia za manyoya ya hondohondo, wanawake wanametameta fedha mwilini. Katika ule wa mbele kabisa alikuwa ameketi Bibi Tambong, nyanya wa bwana harusi, mwanamke wa miaka themanini na kitu, mwembamba kama ufito, mwavuli mkononi. Nyuma yake aliketi Belayong, baba wa bwana harusi.

Sanggau alipomwona akajifanya anakagua mnyororo. Wawili hao walikuwa wamefanya kazi miaka kumi katika kambi moja ya kukata magogo huko juu ya mto, wakila chungu kimoja. Kambi ilipofungwa, msimamizi aliwaachia zawadi msumeno mmoja, watu wawili. Wakapiga kura kwa vijiti, atakayetoa kifupi auchukue. Sanggau akatoa kifupi. Belayong akasema ameibiwa, na tangu siku ile, miaka ishirini na miwili, hawakusemezana. Watoto wao ndio walikwenda kukutana kwenye kiwanda cha mbao mjini Bintulu na kupendana bila kumwomba mtu ruhusa.

Mtumbwi wa kwanza ukagusa gogo. Gongo zikanyamaza moja moja.

“Karibuni,” akasema Sanggau, kamba ikining’inia mkononi.

“Tupitie wapi?” akauliza Bibi Tambong.

“Bibi, mkishuka hapa mkaliruka gogo, vijana watawashika mkono…”

“Mimi?” Bibi Tambong akaufunga mwavuli wake. “Niruke mti ulioanguka, siku ya kumchukua mke wa mjukuu wangu? Unataka wazae watoto wenye mkosi? Kata mti, sisi tunasubiri.”

“Msumeno umegoma kidogo.”

Belayong, ambaye hadi hapo alikuwa akiangalia maji, akainua kichwa. Aliutazama msumeno. Sanggau aliona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyemwona mtoto wake wa kwanza sokoni, amekonda.

“Umeufanya nini?” akauliza Belayong. Yalikuwa maneno ya kwanza baada ya miaka ishirini na miwili.

“Sijaufanya kitu! Kamba hairudi.”

“Springi hiyo. Siku zote ulikuwa unaivuta kamba kama unang’oa muhogo.”

“Na wewe ulikuwa unaivuta kama unamfinya mtoto sikio!”

“Nyie watoto,” akasema Bibi Tambong, “tengenezeni.”

Belayong akapanda juu ya gogo, kofia ya manyoya kichwani, fulana ya kufumwa kifuani. Akaomba bisibisi na koleo kutoka kwenye sanduku la injini ya mtumbwi. Wakaupeleka msumeno ukingoni, penye mioto ya akina mama waliokuwa wakipika kuku ndani ya mianzi, wakauweka juu ya jani la ndizi. Belayong akafungua skrubu nne za kifuniko cha kamba.

“Polepole,” akasema Sanggau. “Hiyo springi ina hasira.”

“Unanifundisha mimi? Nani alikufundisha wewe kushika bisi…”

Springi ikaruka. Ilikuwa ukanda wa chuma mwembamba, mrefu kuliko mtu, na ilitoka ndani ya kifuniko kama nyoka aliyekanyagwa. Ikampiga Belayong kwenye paji la uso, ikajinyonganyonga ndani ya manyoya ya kofia yake, na unyoya mmoja ukapeperuka hadi kwenye moto. Wanawake wakapiga mayowe na kurudi nyuma, mmoja akapindua mwanzi mzima wa kuku. Mbwa watatu waliufikia mwanzi ule kabla ya binadamu yeyote.

“Nilisema ina hasira,” akasema Sanggau.

“Nyamaza, nitoe kitu hiki kichwani.”

Walipoinyoosha waliuona ubovu. Ncha ya springi, ile iliyokunjwa kama ndoana ili ishike ndani ya kifuniko, ilikuwa imekatika. Chuma cha namna ile ukikikunja kikiwa baridi kinavunjika kama biskuti. Sanggau akaitia ncha kwenye makaa, akapuliza mpaka mashavu yakamuuma. Ilipoiva nyekundu, Belayong akaikunja kwa koleo, taratibu, ulimi umetoka nje ya kinywa. Kazi ile walikuwa wameifanya mara nyingi kambini, na mikono ilikumbuka nani anashika wapi.

Kamba nayo ilikuwa imechakaa. Lamit akatazama huku na huku, akamwendea mpiga gongo wa wakwe na kuivua kamba iliyoining’iniza gongo yake kubwa.

“Mama, na mimi nitapigaje?” akalalamika yule bwana.

“Ikumbatie kama mkeo.”

Ikabaki kuirudisha springi ndani. Kazi hiyo inataka mikono minne. Mmoja anazungusha na kubana, mwingine anazuia isitoke, na yeyote akilegeza, mnaanza upya. Walikaa chini magoti yakigusana, vichwa karibu kugongana, vidole vinne vya huyu juu ya vidole vinne vya yule. Mzunguko wa kwanza. Wa tatu. Wa sita. Watu wa nyumba mbili wakawazunguka.

Sanggau hakujua ni nini kilichomsukuma. Labda ni ule ukaribu, au harufu ya mafuta iliyomrudisha ujanani. Alijisikia tu akisema:

“Belayong. Kile kijiti nilikitafuna.”

“Kijiti gani?”

“Cha kura. Kilikuwa kirefu. Nikajifanya nakohoa, nikakitafuna kikawa kifupi.”

Belayong akaganda. Mshipa ukamsimama shingoni.

“Nilijua! Nilikuona unatafuna, na siku ile kambini hatukuwa na chakula! Miaka ishirini na miwili watu wananiita mwongo!”

“Usiachie!”

“Nitakupiga, Sanggau!”

“Nipige, lakini usiachie! Umebaki mzunguko mmoja!”

“Umeningoja mpaka mikono yangu yote imeshikwa ndio unaniambia?”

“Ningekuambia lini? Ulikuwa husemi na mimi!”

Watu walishaanza kucheka, kwanza kwa adabu, kisha bila adabu. Belayong alikuwa anatetemeka kwa hasira, lakini vidole vyake havikutetemeka hata kidogo. Akamaliza mzunguko wa mwisho, ndoana ikaingia mahali pake kwa mlio mdogo mtamu, akafunga kifuniko, akakaza skrubu zote nne, akaweka bisibisi chini. Ndipo akamzaba Sanggau kofi moja la shavu. Alama ya vidole vitano vya mafuta meusi ikabaki pale, imechapwa vizuri.

“Haya,” akasema Belayong. “Sasa vuta.”

“Vuta wewe.”

Belayong akaushika. Akavuta mara moja, kamba ikarudi yenyewe. Akavuta ya pili, na msumeno ukanguruma. Alisimama pale akiusikiliza, na hasira yote ikamtoka usoni, akawa kama anayesikiliza wimbo.

Wakarudi kwenye gogo. Swali likawa wasimame wapi, upande wa ukingo au upande wa katikati.

“Huku ukingoni panateleza,” akasema Belayong.

“Kweli, panateleza,” akasema Sanggau. “Tukae katikati.”

Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana baada ya miaka hiyo yote.

Bibi Tambong aliwatazama toka mtumbwini. “Mmekaa upande unaoondoka,” akasema.

“Bibi, sisi tumekata miti miaka kumi.”

“Haya.” Akawageukia wapiga makasia. “Sogezeni mitumbwi yote pembeni, mshike matawi.”

Belayong akakata. Vumbi la mbao likawamwagikia manyoya na fulana. Gogo likalia, likapasuka, likashuka majini kwa kishindo, na mto uliokuwa umezuiwa tangu alfajiri ukalisukuma kwa nguvu zote. Wazazi wawili wa maharusi wakapita mbele ya wageni wao wamelipanda gogo kama farasi, Sanggau nyuma amemshika mwenzake kiuno, Belayong mbele ameuinua msumeno juu ya kichwa usilowe. Mpiga gongo, akiwa ameikumbatia gongo yake, akaipiga mara tatu kwa heshima. Wakapotea kwenye kona.

Maji yaliwapeleka mbali. Mwanzoni walipiga kelele, baadaye wakaona hazisaidii. Gogo likatulia kidogo, likawa linaelea taratibu kati ya matawi yaliyoinama. Belayong akauzima msumeno na kuulaza mapajani.

“Bado unakula mafuta kupita kiasi?” akauliza bila kugeuka.

“Sana. Na asubuhi ya baridi hauwaki mpaka uubembeleze.”

“Hata kambini ulikuwa hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nauwekea kitambaa cha moto.”

“Kitambaa cha moto?” Sanggau akashangaa. “Miaka yote hii sikujua.”

“Ungeniuliza.”

Gogo likakwama kwenye mchanga. Walingoja mtumbwi uwafuate, haukuja. Basi wakashika njia ya msituni kwa miguu, wakipokezana msumeno, wakisimama kila hatua chache kung’oa ruba miguuni. Walipofika karibu na nyumba walisikia nderemo. Walipopanda ngazi, popoo ya kufungia ndoa ilikuwa imeshapasuliwa, maneno yamesemwa, maharusi wamekalishwa.

“Tulidhani mmefika baharini,” akasema Bibi Tambong, mdomo umejaa nyama.

“Hamkutungoja?” akauliza Sanggau.

“Tulikuja kwa ajili ya binti. Tumempata.”

Nguo zao zilikuwa zinachuruzika. Sarongi zote za wanaume zilikuwa zimeshavaliwa na wageni, kwa hiyo Lamit aliwaletea mbili za kwake, zenye maua makubwa ya waridi, na wazee wawili wakakaa ubarazani mbele ya nyumba mbili wakiwa na magoti wazi. Suli akaja na sahani ya kuku. Aliwatazama, akajaribu kujizuia, akashindwa. Akacheka mpaka njuga za taji lake zikalia, na machozi yakamharibia poda yote.

Sanggau alimtazama mwanawe akicheka, akajiona mtu aliyebarikiwa. Belayong alikuwa ameshamaliza glasi ya kwanza ya pombe ya mchele na anainyoosha ijazwe tena.

“Kesho usiende popote,” akamwambia Sanggau. “Tunafungua kabureta.”