Ubeti wa Nusifa

Jumamosi saa kumi alasiri, Khainza alikaa kibarazani kwake Jinja akafungua video iliyotoka Poland. Alikuwa mshonaji katika kiwanda cha magodoro na mpenzi wa hadithi za sayari za mbali. Halina, Mpolandi aliyekutana naye mtandaoni, alizipenda pia. Yeye na wenzake huzitungia nyimbo, wakiziimba kwa mahadhi ya kale ya vijijini kwao. Khainza aliwatumia wimbo wake wa Kiswahili, kwa mahadhi ya kwao Mbale: chombo cha angani kiliungua, waliomo wote wakafa.

Sasa Wapolandi ishirini walikuwa wakiuimba, kwa magitaa mawili. Nyuma yao alisimama Nusifa, mshonaji mwenzake aliyekufa kwa moto wa kiwandani mwaka juzi. Alivaa aproni ya kazi. Wengine waliponyamaza, aliongeza ubeti ambao Khainza hakuutunga: mlango ulifungwa kwa nje, mwenye ufunguo akasimama akitazama.

“Huyo wa nyuma ni nani?” Khainza aliandika.

“Aliingia na wengine,” Halina alijibu. “Anaimba vizuri. Alisikia baridi, tukampa koti.”

Jumapili Khainza alipanda basi hadi Mbale, akamwonyesha video hiyo Mama Rahmah, mzazi wa Nusifa. Mama alitazama mara tatu.

“Amekonda,” alisema. “Mwanangu, waambie hali nyama ya nguruwe.”

Jumatatu asubuhi Khainza aliipeleka video kwa meneja wa kiwanda, Bwana Bogere, aliyeandika katika ripoti ya moto kwamba mlango ulikuwa wazi. Bogere alisikiliza mpaka mwisho, akamrudishia simu.

“Sauti ni yake,” alisema. “Lakini dada, mlango tunafunga sababu ya wizi. Rudi kwa mashine.”

Khainza alirudi. Mlinzi akazungusha ufunguo kwa nje, kama kila siku. Khainza alitunga uzi kwenye sindano, akaanza kushona.

Saa nne ukaingia ujumbe wa Halina: “Nusifa ameomba tuongeze viti kumi na saba Jumamosi hii. Wageni hao wanakunywa chai?”

Khainza alihesabu washonaji wenzake waliokuwa ndani. Walikuwa kumi na sita. Akajijumlisha na yeye.

Kisha akajibu kwamba ndiyo, wanakunywa, ila iwe ya maziwa.