Darasa la Jumamosi

Marion Bochaberi alikuwa mpangaji wa ratiba katika chuo kikuu kimoja nje kidogo ya mji wa Kisii. Wanafunzi wa ualimu huchukua masomo mawili kutoka idara mbili, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha masomo hayo hayagongani. Wakuu wa idara walilijua hilo vizuri, lakini kila mmoja alimtumia saa anazozitaka kana kwamba chuo kizima ni chake.

Muhula huo mhadhara wa Hisabati na maabara ya Fizikia ya mwaka wa tatu vilianguka pamoja, Jumatano asubuhi. Dkt. Okemwa wa Hisabati na Dkt. Ratemo wa Fizikia hawakuwa wakisalimiana. Waliwahi kugombea cheo kimoja, wakakikosa wote wawili, na kila mmoja aliamini mwenzake ndiye aliyemchongea. Kwa hivyo ilibidi Marion apande na kushuka ngazi akibeba maneno yao.

Aliwabembeleza watu wa Jiografia mpaka wakamwachia Alhamisi alasiri. Ratemo alinung'unika, kisha akakubali kuhamishia maabara yake huko. Marion akaenda kwa Okemwa kumjulisha tu.

"Ratemo amekubali kuhama?" Okemwa aliuliza, akivua miwani. "Yeye?"

"Amekubali, Daktari. Wewe huguswi. Jumatano inabaki yako."

"Yule hakubali kitu bure. Alhamisi kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni nafasi tu."

"Basi nipe mimi hiyo Alhamisi. Yeye abaki na Jumatano yake."

Ratemo aliposikia, akasema ameshawatangazia wanafunzi wake Alhamisi na habanduki. Sasa wakawa wanagongana Alhamisi, huku Jumatano asubuhi haina mtu. Watu wa Jiografia, kuona nafasi waliyoitoa kwa hisani imekuwa ya kupiganiwa, wakaichukua tena. Wale wawili wakarudi kung'ang'ania Jumatano.

Mkuu wa kitivo alimwita Marion. Hakumwambia aketi.

"Peleka maabara Jumamosi," alisema. "Jumamosi hakuna anayeigombania."

"Prof, darasa lile lina Wasabato wengi. Hata mimi ni Msabato."

"Wewe utahitajika kuja kazini Jumamosi?"

"Hapana."

"Basi shida yako ni ipi? Hiki si chuo cha kanisa. Weka."

Marion akaweka. Alijiambia kwamba akikataa, mtu mwingine ataiweka kabla ya chai ya saa nne, na hilo lilikuwa kweli, lakini halikumtuliza.

Kesho yake Linda Nyangau alisimama mlangoni pake. Alikuwa msichana wa Ekerenyo, kwao Marion. Mama zao waliimba katika kwaya moja.

"Madam, nimeona maabara iko Sabato," Linda alisema. "Nikadhani umekosea."

"Sijakosea. Nimeambiwa."

"Na ulipoambiwa ukasema nini?"

Marion alimweleza yote. Linda akaenda kwa Ratemo kuomba afanyie majaribio yake siku nyingine. Ratemo akamwambia yeye alishakubali Alhamisi, akamwulize Okemwa ni nani aliyeharibu. Okemwa akamwambia maabara si yake. Mkuu wa kitivo hakuwa ofisini, wala siku iliyofuata.

Wasabato wengine wa darasa lile walianza kwenda. Wengine waliingia maabara asubuhi, wakatoka mbio kuwahi ibada ya mchana. Mmoja alimwambia Linda kwamba Mungu anaelewa. Linda akamjibu kwamba hakuna aliyemtuma kumsemea Mungu. Hakwenda hata mara moja. Alinakili maelezo ya wenzake, akasoma peke yake, lakini majaribio hayasomwi katika daftari la mtu.

Mitihani ilipokaribia, jina lake likaondolewa kwenye orodha ya watahiniwa kwa kukosa mahudhurio. Angerudia mwaka. Marion alikwenda kwa mkuu wa kitivo na kumtetea kwa kirefu.

"Umemaliza?" mkuu aliuliza. "Msichana alikuwa na ratiba kama wenzake."

Baba yake Linda alikuja na boda boda kuchukua godoro na sanduku. Alimpa Marion mkono kwa adabu, na adabu ile ilimuuma kuliko matusi. Kanisani, mama yake Linda alianza kuketi upande ule mwingine.

Muhula uliofuata, Ratemo alipata kibarua cha kufundisha Jumamosi katika chuo kingine. Akampigia Okemwa simu. Walizungumza kwa muda mfupi, na Okemwa akasogeza mhadhara wake kwenda Jumatatu bila neno. Marion alipata ujumbe kwenye simu: maabara irudi Jumatano, Okemwa hana pingamizi, ahsante kwa kazi nzuri.

Jumapili alikwenda Ekerenyo. Alimkuta Linda katikati ya michai, kikapu mgongoni.

"Wameitoa Sabato," Marion alisema. "Rudi. Nitakusaidia kuandika barua, tutaanza na—"

"Nani aliwashinda?"

"Hakuna. Ratemo alipata kazi siku hiyo. Walipigiana simu."

Linda aliacha kuchuma. Alitazama chini, akacheka kidogo, bila furaha.

"Kumbe kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake," alisema.

"Linda, umebakiza kidogo tu umalize."

"Sirudi, madam. Ningewezaje kuketi mbele yao niandike wanachosema?" Akarudi kwenye mstari wake, mikono ikienda haraka. "Mama yuko nyumbani. Mpitie umsalimie, ukiweza."

Marion alishuka njia mpaka akaona moshi wa jiko la mama yule juu ya migomba. Akasimama hapo kitambo. Kisha akaita boda boda iliyokuwa ikipita, akarudi Kisii.